Eda Mbele ya Dirisha Jeusi

22 Aprili

Nimekwama. Naandika humu kwa sababu sijui kutoka. Nilifungua laptopu ya marehemu mume wangu, Taufiq, nikaona lile dirisha jeusi alilokuwa akilitazama kutwa, na kijimstari cheupe kinapepesa. Nikapiga neno moja ambalo nilikuwa nikimuona akilipiga kila asubuhi, vim, na sasa nimo ndani ya kitu kinachokubali kila ninachoandika na hakinioneshi mlango. Basi, acha niandike.

Siku ya ishirini ya eda. Niko Likoni kwa mama mkwe wangu, Bi Mishi, kwenye vyumba viwili vya nyuma tulivyokaa mimi na Taufiq miaka minne. Alilala Jumatano baada ya isha, Alhamisi hakuamka. Moyo, walisema. Nimebakiwa na miezi mitatu na ushei ya kukaa ndani. Sitii wanja wala manukato, sitoki ila kwa dharura, sionani na mwanamume asiyekuwa maharimu wangu. Mvua nayo imeshika tangu alfajiri, na hata ningeruhusiwa kutoka sijui ningekwenda wapi.

23 Aprili

Bado nimo. Nilizima mashine kwa nguvu na nilipoiwasha iliniuliza kama nataka nirudishiwe ya jana. Mashine ina adabu kuliko watu wengine.

25 Aprili

Nimetoka. Dishon, aliyekuwa mwenziwe Taufiq kazini, kijana wa bara anayekaa Chaani, amenielekeza kwa meseji: nukta pacha, kisha herufi mbili, basi. Siku tatu za kifungo kwa herufi mbili. Nimecheka peke yangu, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha nikaona haya.

Sasa nasema jambo lenyewe. Taufiq alikuwa ameandika programu ya kuwakumbusha akina mama siku ya chanjo ya watoto wao. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi simu zinalia kuanzia Kisauni mpaka Changamwe: mlete mtoto Jumatatu. Ofisi yao ni ndogo, mkuu wao ni Carolyne, na kiti cha Taufiq kiko tupu. Mimi nina diploma ya kompyuta na nimechapia watu fomu dukani miaka mitatu, lakini hii Linux, mfumo unaoendesha laptopu yake, sijawahi kuigusa. Nilimuuliza Dishon, Dishon akamuuliza Carolyne, na jibu limekuja: niko kwenye majaribio, nifanyie kazi nyumbani, wataamua mwisho wa Julai.

Kaka yangu Aqil alikuja jana. Alikunywa chai, akakohoa, akasema, "Ukitoka eda naja na tuktuk tuchukue vyombo vyako. Duka letu la Bombolulu lataka mtu." Hakuniuliza. Nampenda kaka yangu, na ananikera. Sitaki duka. Nakitaka kiti cha Taufiq. Nimeliandika ili nisije nikajidai baadaye kuwa sikukitaka.

29 Aprili

Mvua. Nimejifunza kwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya mafolda. Kichwa kinaniuma.

4 Mei

Nyumba ya mtu huijui mpaka ulale ndani. Hii laptopu ni nyumba ya Taufiq, na nimelala ndani yake wiki mbili sasa. Kila kitu alikipa njia ya mkato kwa Kiswahili. Ukiandika twende, kazi zote za siku zinafunguka kwa mpigo. Ukiandika kwaheri, zinahifadhiwa na kufungwa. Kuna moja inaitwa chai, nikaiandika kwa woga, ikasimamisha kila kitu kwa dakika kumi. Nikaenda nikapika chai kweli.

Dishon ananiambia, "Hiyo setup ni ya vidole vyake, Nadira. Tengeneza yako, utafanya haraka." Nimemjibu kuwa sina haraka.

13 Mei

Arubaini. Hitma imesomwa, biriani imeliwa, watu wamekwenda. Bi Mishi hajanena nami neno tangu adhuhuri. Anaiona hii mashine kama mchezo, na mimi kama mtu anayecheza juu ya kaburi.

19 Mei

Leo pametokea jambo, na nusu ya kosa ni yangu.

Dishon alinifundisha tmux. Alivyonieleza, ni sawa na kupewa chumba ndani ya seva, ile kompyuta kubwa ya kazini isiyozimwa. Unaingia, unafanya kazi. Umeme ukikatika huku Likoni, chumba kule kinabaki vilevile, na ukirudi unakuta hata neno uliloliacha nusu. Na watu wawili wanaweza kuingia chumba kimoja. Analoandika huyu, yule analiona papo hapo.

Tuliingia saa nne. Mvua ilikuwa ikipiga mabati sawasawa, bila haraka. Naandika nusu ya mstari, naacha, na mstari unajimaliza wenyewe mbele ya macho yangu, herufi moja moja. Nakosea, kosa linafutika bila mkono. Kwa muda nilisahau kuna Dishon. Niliona kama maneno yanatoka mahali ambapo Taufiq yuko, kweupe, hakuna mvua. Sijui nilikaa hivyo muda gani.

Bi Mishi akaingia na bakuli la uji. Akasimama nyuma yangu.

"Mbona yaandika, na mikono yako i mapajani?"

"Ni Dishon, mama."

"Yuwapi?"

"Kwao Chaani."

"Na hapa?"

"Hapa pia. Sisi wawili tunafanya kazi pamoja."

"Nani mwengine yumo?"

"Hakuna."

Akaliweka bakuli chini polepole, na hapo nikajua. Alisema, "Mjane wa mwanangu, miezi miwili haijesha, yumo faraghani na mwanamume nyumbani mwangu." Nilimwambia simuoni, hanioni, hata sauti siisikii. Akasema faragha ni faragha. Nami, ulimi wangu huu, nikamwambia Taufiq angeelewa. Alinitazama kana kwamba nimempiga. Akatoka. Uji ulipoa pale pale.

Nimefunga mashine. Kama mama hatanikubalia, kazi imekwisha, maana kila nitakachojifunza nitajifunza kwa Dishon. Nina hasira na mama na nina hasira na nafsi yangu.

20 Mei

Hakuna kazi.

21 Mei

Hakuna kazi. Nimeosha mapazia yaliyokuwa safi.

22 Mei

Bi Mishi mwenyewe alimwita Mwalimu Wardah, anayesomesha akina mama madrasa. Sikutegemea. Alikuja na mwavuli uliovunjika ubavu, akaketi, akaniuliza maswali kwa upole. Nafanya nini? Kwa nini? Tunazungumza nini na huyu kijana? Nikamuonesha. Alisoma mistari ya siku ile yote, hata isiyosomeka.

Akamwambia Bi Mishi, "Kazi ni ya halali. Lakini na moyo wako wewe mama una haki yake. Kaeni watatu."

"Watatu vipi, na mashine ni ya mtu mmoja?"

Niliinuka, nikatoa kibodi ya zamani ya Taufiq chini ya kitanda, nikaichomeka ubavuni. Nikamwekea Bi Mishi kiti. Dishon, nilipomueleza, aliandika kuwa ni heshima kwake.

Bi Mishi akasalimu kwa kidole kimoja, ASALAAM ALEIKUM, na yai lingeiva kabla hajamaliza. Mashine ikamjibu kwamba amri asalaam haijulikani.

"Haina dini," akasema.

Dishon akatuonesha: ukianza mstari kwa ile alama ya ngazi ndogo, mashine hailitii hilo neno, inaliacha lisomwe na watu tu. Akaandika, # Shikamoo mama. Bi Mishi akaitafuta alama, akaipata, akaandika, # marahaba. umekula.

"Kumbe humu mna maneno ya mashine na maneno ya watu," akaniambia. Alikaa mpaka adhuhuri, tasbihi mkono mmoja, kibodi mwengine.

7 Juni

Idd kubwa. Nimevaa dera la kila siku. Watoto wa jirani wamepita na nguo zao mpya na nimewatazama kwa dirisha. Nimemkumbuka Taufiq.

16 Juni

Mvua zinapungua. Asubuhi zimekuwa za namna moja na nimezipenda. Nafagia, napika chai ya maziwa, Bi Mishi anakuja na kiti chake, naandika twende. Dishon anasalimu. Vidole vyangu vimeanza kujua njia kabla sijaviambia, na kuna saa nzima hupita sijui kama nimeketi Likoni au wapi. Jana nilirekebisha jina la kliniki lililokuwa likiandikwa kimakosa, peke yangu. Bi Mishi aliandika, # mashallah.

Nilimdhania mama huyu ni mkavu. Kumbe alikuwa hana pa kuketi.

1 Julai

Carolyne ameomba kuona kazi yangu.

Hapa kuna git, daftari la kazi. Kila unapobadilisha kitu linaandika nini, lini, na nani. Carolyne akafungua daftari kutafuta jina langu. Tangu Mei kuna mistari arubaini na mmoja, na yote inasema Taufiq. Laptopu ni yake, mipangilio ni yake, kwa hiyo kila nilichofanya kimeandikwa kwa jina lake. Dishon hakuwa ameangalia. Amenitumia ujumbe wa Carolyne kama ulivyo:

"Sitamwajiri mtu kwa kukisia, na marehemu siwezi kumwajiri. Nataka kitu kimoja kikubwa, mwanzo hadi mwisho, chenye jina la Nadira. Umebaki mwezi mmoja."

Dishon anaapa ni kosa lake. Si lake. Nilijua.

Nilijua tangu Mei. Asubuhi moja nilihifadhi kazi, nikafungua daftari, nikasoma: Taufiq, dakika mbili zilizopita. Dakika mbili. Nikakaa nikaitazama ikawa dakika tatu, ikawa kumi. Baada ya hapo nilikuwa nikihifadhi kazi hata isiyostahili kuhifadhiwa, nipate kusoma tena.

3 Julai

Sikuwasha mashine. Bi Mishi alikuja na kiti chake akakuta nimelala kifudifudi. Nikamueleza yote. Nilidhani atalia, au ataniambia niliache jina la mwanawe lilivyo.

"Nioneshe," akasema.

Nikamuonesha orodha. Akaisoma taratibu kwenda chini, jina baada ya jina. Midomo ilikuwa ikicheza. Akaweka kidole mstari wa juu. "Hii ya juma lililopita. Ni yake?"

"La, mama."

"Basi wamsingizia maiti."

Akauzungusha ule uzi wa tasbihi. Kisha akasema, "Mimi niliolewa miaka thelathini na sita. Kila karatasi yangu yasema Mishi binti Abdillahi. Mume wangu hakunipa jina lake, wala sikumuomba, na tulipendana. Kwetu mke hazamii ndani ya jina la mume. Wewe binti nani?"

"Binti Kassim."

"Andika."

Nililia sana. Nikaandika.

5 Julai

Nimejenga. Ndani ya laptopu ile ile nimefungua akaunti mpya, nadira, na ilipofunguka ilikuwa tupu kabisa: giza, kijimstari, hakuna njia hata moja. Niliogopa. Nyumba ya Taufiq iko pale pale mlango wa pili, sikufuta hata herufi, lakini silali tena kule.

Nimeanza na herufi. Zake zilikuwa ndogo, mimi macho yangu ni ya kushonea kwa taa, nimezikuza. Rangi nimetia ya kijani cha jani la mkungu, haichomi. Kisha njia za mkato, moja moja, kila nilipochoka kurudia kitu: amka, ngoja, rudi, nani. Hiyo ya mwisho inanionesha nani kagusa nini. Dishon kanifundisha niyaweke yote kwenye faili moja, ili hata nikipewa mashine nyingine kesho niilete nyumba nzima kwa amri moja. Nimekaa humo tangu asubuhi na nimeisikia adhuhuri ikiadhiniwa kama iko mbali sana.

6 Julai

Bi Mishi anataka herufi zikuzwe zaidi. Nimezikuza. Sasa mistari sita tu inaonekana, nasi wawili tumeridhika.

14 Julai

Nitaandika kama ilivyotokea.

Dishon alisema seva itazimwa tarehe 26, wanahamia mpya, na chumba chochote cha tmux kilichoachwa wazi kitapotea na kilichomo. Akanionesha namna ya kuviorodhesha. Vyumba vitatu. Kimoja cha Dishon, kimoja chetu. Cha tatu kinaitwa likoni, kimefunguliwa tarehe 2 Aprili, hakijafungwa.

Tarehe 2 Aprili ndiyo ile Jumatano.

Dishon aliandika, # Wallahi sikujua. Sijawahi kumsikia akisema wallahi. Akaandika tena, # Ingia wewe na mama. Mimi natoka.

Tukaingia. Kilikuwa kama alivyokiacha. Alikuwa akihifadhi kazi ya siku ile, na ujumbe wa kuhifadhi aliuandika hivi, akaishia katikati:

git commit -m "Nimesahihisha tarehe za chanjo, bado

Baada ya bado hakuna kitu. Kijimstari kilikuwa kikipepesa pale pale, miezi mitatu na siku kumi na mbili, kinangoja neno. Nakumbuka nilimwita kula. Ni mimi niliyemwita.

Bi Mishi aliegemea mpaka pumzi yake ikagusa kioo. "Bado nini?" akauliza. Akauliza tena, polepole, kama anayemuuliza mtu. Hatukugusa herufi.

18 Julai

Nimejua bado nini.

Siku nne nimesoma kila alichokigusa siku ile. Programu inatambua mtoto kwa simu ya mama na tarehe ya kuzaliwa. Ikikuta viwili vinafanana, inadhani mtu kaandikwa mara mbili, inamtupa mmoja. Sasa mapacha je? Simu moja, siku moja. Pacha mmoja anaitwa chanjo, mwengine hayumo kabisa. Nimewahesabu: jozi thelathini na nane. Pembeni, kwenye mstari wa maneno ya watu, alikuwa ameandika, # mapacha!! muulize Nadira, kwao wapo.

Kweli kwetu wapo. Mama yangu alizaa pacha kabla yangu.

Hiki ndicho kitu kikubwa. Mwanzo hadi mwisho, na nina siku saba kabla seva haijazimwa.

19 Julai

Kazi.

20 Julai

Kazi. Dishon hagusi, namuuliza tu. Ndivyo tulivyokubaliana.

22 Julai

Nimeharibu. Kwa nusu saa watoto wote walikuwa mapacha. Bahati nzuri nilikuwa najaribia kwenye nakala. Bi Mishi aliandika, # kula kwanza.

25 Julai

Imekubali. Nimejaribu mara tano, jozi zote thelathini na nane, kila mtoto na ujumbe wake.

Kisha tukaingia chumba cha likoni, mimi na mama. Nilimuuliza kama anataka kuliandika yeye lile neno lililobaki. Akavuta kibodi yake. Alitafuta herufi moja moja: mapacha. Nikafunga ule mstari, akabonyeza kitufe mwenyewe. Daftari likaandika kazi ya Taufiq, kwa jina lake, kama alivyotaka kuandika: Nimesahihisha tarehe za chanjo, bado mapacha.

Nikahamia upande wangu, nikahifadhi ya kwangu. Mistari miwili, mmoja juu ya mwengine:

Nadira binti Kassim: Mapacha tayari, kila mtoto apate ujumbe wake.

Taufiq: Nimesahihisha tarehe za chanjo, bado mapacha.

Nimelia kwa sauti na sikujificha. Bi Mishi alinishika kichwa akakilaza begani kwake. Alikuwa akinuka mafuta ya nazi na moshi wa jikoni, na nilikaa hapo mpaka shingo ikaniuma.

26 Julai

Seva imezimwa saa sita. Chumba kimekwenda. Jua limetoka.

31 Julai

Carolyne: "Nimeona. Jumamosi tarehe 9, ujumbe wa wiki utautuma wewe peke yako, kwenye seva mpya. Ukifika wote, kiti ni chako." Tarehe 9 ndiyo siku ninayotoka eda, na ndiyo siku ya Aqil na tuktuk yake. Nimemwambia Aqil achelewe. Amesema keshaikodi tuktuk.

9 Agosti

Naandika jioni, nywele zangu zina udi.

Saa moja wanawake walikuwa tayari na maji ya kunitoa eda. Bi Mishi akawaambia wangoje. Nikaingia seva mpya, tupu kama ile ya kwanza, nikapiga amri yangu moja, na nyumba yangu ikajijenga: kijani, herufi kubwa, njia zote. Dishon alikuwepo na hakuandika kitu. Saa mbili na nusu nikasikia tuktuk mlangoni na sauti ya Aqil ikisalimia, ikiuliza vyombo viko wapi.

"Dada yako yuko kazini," Bi Mishi akamwambia barazani. "Ukitaka kungoja, keti. Ukitaka chai, sema."

Saa tatu kamili nikatuma. Namba zikaanza kupanda. Mia moja, mia tatu, zikasimama, zikaendelea. Mia sita na kumi na nne zimetumwa. Mia sita na kumi na nne zimefika. Dishon akaandika, # Karibu kazini, Nadira.

Aqil alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, akitazama kioo asichokielewa. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyefika mahali akakuta pamehamwa.

"Kwa hivyo sasa anafanya kazi ya Taufiq," akasema.

"Kazi ya Taufiq, Taufiq ameimaliza," akasema Bi Mishi. "Hii ni yake huyu."

Aqil akatoka nje akamwambia mwenye tuktuk aende zake.